Jambo Moja, Mahali Pamoja: Usanifu wa Hifadhidata na Tatizo la Data Zinazorudiwa

Mambo matatu yanayoitwa kwa jina moja

Malalamiko kwamba "data zinarudiwa" husikika katika ofisi nyingi zinazotunza kumbukumbu kwa kompyuta, kuanzia zahanati na shule hadi vyama vya akiba na mikopo. Lakini wanaolalamika hawazungumzii jambo moja. Karani hulalamika anapochapa jina la mgonjwa yuleyule kwa mara ya nne ndani ya mwezi. Mkuu wa kitengo hulalamika anapokuta ripoti mbili za mwezi mmoja zina hesabu zinazopingana. Mwanafunzi wa kompyuta hulalamika anapofungua jedwali la mahudhurio na kuona namba 417 imejitokeza kwenye mistari thelathini. Kwa kuwa wote watatu hutumia maneno yaleyale, dawa ya mmoja hupewa mwingine: karani hutengenezewa fomu inayojijaza yenyewe huku kasoro ya ndani ikibaki palepale, na mwanafunzi huhangaika kufuta namba ambazo ndizo zinazoshikamanisha hifadhidata nzima.

Kuchapa upya ni kazi ya mkono, na mara nyingi ni dalili tu. Kuhifadhi jambo moja mahali pengi ni kasoro ya umbo la hifadhidata, na ndiyo inayozaa ripoti zinazopingana. Ama thamani moja kuonekana mara nyingi, hilo peke yake si kasoro. Namba 417 ikiwa kwenye mistari thelathini ya mahudhurio, kila mstari unasema jambo lake: mgonjwa 417 alikuja tarehe fulani, akahudumiwa na fulani. Mambo ni thelathini, na yote ni tofauti. Ingekuwa kasoro kama kila mstari kati ya hiyo thelathini ungebeba pia habari kwamba mgonjwa huyo alizaliwa mwaka 1988 na anaishi Katoro, kwa sababu hapo mambo mawili yangekuwa yameandikwa mara thelathini kila moja, na hakuna kitu kinacholazimisha nakala hizo thelathini zikubaliane.

Kwa hiyo kipimo ni jambo, yaani habari iliyo kamili juu ya kitu fulani. Urefu wa jedwali na wingi wa maneno yanayofanana havitoshi kuhukumu chochote.

Tatizo lilikotoka

Kompyuta za ofisi za miaka ya 1950 na 1960 zilirithi desturi za kadi za kutobolewa na mikanda ya sumaku. Kila programu ilikuja na faili lake. Programu ya mishahara ilikuwa na anwani za wafanyakazi, ya bima ilikuwa na anwani zake, na ya mafunzo hali kadhalika. Mfanyakazi mmoja akihama nyumba, marekebisho yalihitajika katika kila faili, na faili moja likisahaulika mtu huyo alikuwa na makazi mawili.

Mifumo ya kwanza ya hifadhidata ilijaribu kuleta data hizo chini ya paa moja. Charles Bachman alijenga IDS katika kampuni ya General Electric. IBM ilitoa IMS, ambayo ilianzia kwenye kazi ya kuorodhesha vipuri vya roketi katika mradi wa Apollo. IMS ilipanga data kwa umbo la mti, ambamo kila kitu kina mzazi mmoja: mashine ina sehemu, sehemu ina vipuri. Shida ni kwamba kipuri kimoja hutumika katika sehemu nyingi. Ili kukiweka kwenye mti, ama kirudiwe chini ya kila mzazi, ama viongezwe viungo vya pembeni ambavyo mwandishi wa programu alipaswa kuvijua kwa moyo. Urudiaji ulikuwa umejengwa ndani ya umbo lenyewe.

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM ya San Jose, California, alichapisha katika jarida la Communications of the ACM makala iliyopendekeza njia nyingine. Data zote ziwekwe katika majedwali ya kawaida, na uhusiano kati ya jedwali na jedwali ubebwe na thamani zilizomo humohumo, si na viungo vilivyofichwa. Mgonjwa na hudhurio lake huunganishwa kwa sababu namba ya mgonjwa imo katika pande zote mbili. Mwaka uliofuata Codd aliendeleza kanuni za kugawa majedwali, zinazojulikana kama maumbo ya kawaida, hadi la pili na la tatu. Mwaka 1974 likaja umbo linalobeba jina lake pamoja na la Raymond Boyce, na mwaka huohuo Boyce na Donald Chamberlin wakaeleza lugha ya kuuliza data iliyokuja kuitwa SQL. Ronald Fagin aliongeza umbo la nne mwaka 1977 na la tano mwaka 1979. Codd alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981.

Katika mabishano ya leo hutokea hoja kwamba kanuni hizi zilitungwa wakati diski zilikuwa ghali, na kwamba sasa diski zikiwa rahisi hakuna sababu ya kuzishika. Hoja hiyo inakosea chanzo. Sehemu nzima ya makala ya 1970 inahusu urudiaji na upatanifu wa data: Codd alihofia nakala mbili za jambo moja kupingana bila mfumo kujua. Diski ingeweza kutolewa bure na hofu hiyo ingebaki vilevile.

Jedwali pana linavyoharibika

Rejista ya wagonjwa wa nje ni mfano ulio wazi, kwa sababu kitabu chake cha karatasi kinajulikana na wengi hukihamishia kwenye kompyuta kama kilivyo. Safu zake huwa hivi: tarehe, jina, mwaka wa kuzaliwa, simu, kijiji, wilaya, mkoa, mhudumu, ugonjwa, dawa ya 1, dawa ya 2, dawa ya 3. Kila anayekuja hupewa mstari mmoja, na akirudi hupewa mwingine.

Uharibifu wa kwanza hutokea wakati wa kubadilisha. Mwaka 2012 Tanzania ilianzisha mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mji wa Katoro, uliokuwa ndani ya Mkoa wa Mwanza, ukawa ndani ya Mkoa wa Geita. Katika jedwali pana, habari kwamba Katoro uko mkoa fulani imeandikwa mara nyingi sawa na idadi ya mahudhurio ya watu wa Katoro. Anayerekebisha atatafuta "Katoro" na kubadilisha, lakini mistari yenye "Katolo" na "katoro mjini" itaponyoka. Kuanzia hapo mji mmoja una mikoa miwili, na ripoti ya mkoa haitakuwa sahihi kwa upande wowote.

Uharibifu wa pili hutokea wakati wa kuongeza. Kijiji ambacho hakijatoa mgonjwa hakiwezi kuandikwa popote, kwa sababu jedwali linakijua kijiji kupitia mgonjwa tu. Dawa mpya iliyopokelewa stoo haina makazi mpaka mtu aumwe na kuandikiwa. Wa tatu hutokea wakati wa kufuta: ukifutwa mstari wa mgonjwa pekee aliyetoka kijiji fulani, habari ya wilaya ya kijiji hicho inapotea pamoja naye, ingawa hakuna aliyekusudia kuifuta.

Safu za dawa zina ubaya wao wa ziada. Mgonjwa akiandikiwa dawa ya nne, karani huibana ndani ya kisanduku cha tatu kwa kuweka mkato. Swali rahisi kama wangapi walipewa amoksilini mwezi huu hudai kupekua safu tatu, kisha kupekua ndani ya visanduku vilivyobanwa, na kukumbuka kwamba wengine waliandika kwa kifupi. Hapa urudiaji umelala kwa upana: safu tatu zinafanya kazi ya safu moja.

Msimamo wa kwanza: jedwali moja latosha

Pamoja na hayo, wanaotetea jedwali moja hawana upungufu wa akili. Jedwali pana linasomeka na kila mtu. Linafunguka katika Excel, linachapishwa kwenye karatasi, na linatumwa kwa barua pepe bila maelezo. Mhasibu au muuguzi anaweza kulichuja na kulijumlisha mwenyewe bila kumngoja mtaalamu. Kwa dodoso la mara moja, ambapo kila anayehojiwa huhojiwa siku moja na harudi tena, jedwali moja ndilo umbo sahihi hasa, kwa kuwa karibu kila safu inategemea mhojiwa na hakuna kitu kingine cha kutengwa.

Udhaifu huanza pale mtu au kitu kinaporudi. Shule ina mwanafunzi mmoja mwenye malipo mengi. Chama kina mwanachama mmoja mwenye mikopo mitatu. Kliniki ina mama mmoja anayeandikwa kwenye rejista ya wajawazito, kisha ya kujifungua, kisha kwenye ya mtoto. Hapo jedwali moja halibaki moja. Huzaa nakala: faili la Januari, faili la Februari, faili la tawi la pili. Kila nakala hubeba majina na anwani zake, na ofisi inajikuta imerudi kwenye hali ya faili za mikanda ya sumaku.

Fomu inayojijaza haiponyi jambo hili. Inapunguza kazi ya vidole, ambayo ni faida ya kweli kwa karani aliyechoka, lakini nyuma yake nakala zinaendelea kuongezeka, sasa kwa kasi kubwa zaidi kuliko alipokuwa akichapa kwa mkono.

Msimamo wa pili: kila jambo kwa mwenyewe

Msimamo wa Codd na waliomfuata, unaoitwa nomalaizesheni, huuliza swali moja kwa kila safu: thamani hii inategemea nini? Mwaka wa kuzaliwa unategemea mgonjwa. Akishajulikana mgonjwa, mwaka umejulikana. Ugonjwa uliotambuliwa unategemea hudhurio, maana mtu mmoja huja kwa maradhi tofauti. Wilaya inategemea kijiji, na mkoa unategemea wilaya. Kila kitu kinachotegemewa hupewa jedwali lake na namba yake, na safu zinazokitegemea huhamia humo. Rejista pana hugawanyika kuwa majedwali ya mgonjwa, kijiji, wilaya, mkoa, mhudumu, dawa na hudhurio. Mstari wa hudhurio hubaki mfupi: namba yake, namba ya mgonjwa, namba ya mhudumu, tarehe, ugonjwa.

Linabaki swali la dawa, na hapa ndipo wanaoanza hukwama. Hudhurio moja lina dawa nyingi, na dawa moja hutolewa katika mahudhurio mengi. Namba ya dawa haiwezi kuwekwa kwenye hudhurio kwa sababu ni nyingi, wala namba ya hudhurio haiwezi kuwekwa kwenye dawa kwa sababu hiyohiyo. Kinachohitajika ni jedwali la katikati, la dawa zilizotolewa, ambalo kila mstari wake una namba ya hudhurio, namba ya dawa, na kiasi. Dawa ya nne ni mstari wa nne. Swali la amoksilini linajibiwa kwa kuhesabu mistari ya namba moja. Jedwali la namna hii halipo kwenye kitabu chochote cha karatasi, na ndiyo sababu anayehamisha kitabu kama kilivyo hawezi kuligundua.

Maumbo ya kawaida ni majina ya hatua za kazi hiyohiyo. La kwanza hutaka kila kisanduku kiwe na thamani moja. Mkato ndani ya kisanduku cha dawa unalivunja. La pili huhusu majedwali ambayo ufunguo wake, yaani kinachotambulisha kila mstari, umeundwa na safu mbili au zaidi, na hukataza safu kutegemea sehemu tu ya ufunguo: jina la dawa likiwekwa katika jedwali la dawa zilizotolewa, litakuwa linategemea namba ya dawa peke yake, hivyo litarudiwa kila dawa hiyo inapotolewa. La tatu hukataza safu kutegemea safu nyingine isiyo ufunguo, kama mkoa unavyotegemea wilaya ndani ya jedwali la mgonjwa. Umbo la Boyce na Codd hufunga mianya michache iliyobaki, na la nne huzuia orodha mbili zisizohusiana kuwekwa pamoja, mathalani lugha anazozijua muuguzi na kozi alizosoma. Majedwali yaliyogawanywa kwa uangalifu hadi hatua ya tatu kwa kawaida huwa yamekidhi na hizo za juu.

Faida inaonekana kwa karani na kwa mkuu wa kitengo kwa pamoja. Karani huchagua kijiji, na wilaya na mkoa vinafuata bila kuchapwa. Wilaya ikihamishiwa mkoa mpya, hubadilishwa mstari mmoja katika jedwali la wilaya. Tena hifadhidata yenyewe hulinda: sharti la ufunguo hukataa hudhurio la mgonjwa asiyekuwepo, na hukataa kumfuta mgonjwa mwenye mahudhurio.

Gharama ni usomaji. Habari iliyokuwa kwenye mstari mmoja sasa imetawanyika katika majedwali manane, na ripoti huhitaji kuyaunganisha. Mara nyingi husemwa kwamba kuunganisha ni polepole. Kwa kituo chenye maelfu au hata malaki ya mistari, uzito huo kwa kawaida hutokana na kukosekana kwa faharasa kwenye safu za funguo, wala si kosa la umbo. Gharama iliyo nzito zaidi ni ya watu: muuguzi aliyekuwa akichuja jedwali lake mwenyewe sasa anamtegemea anayejua SQL. Msanifu anayegawa majedwali bila kuandaa mwonekano uliounganishwa tayari, wenye safu zinazosomeka kama zile za kitabu, amewanyang'anya watu kazi yao.

Kuna pia hatari inayozungumzwa kidogo mno. Orodha ya vijiji isipokamilika, na karani asipokuwa na ruhusa ya kuongeza, atachagua "Nyingine", au kijiji cha kwanza kwenye orodha, kwa kuwa foleni inasubiri. Data hizo zitapita kila sharti na kuonekana safi, na zitakuwa za uongo. "Katolo" iliyokosewa herufi angalau humwambia msomaji kwamba kuna tatizo. Na kila karani akiruhusiwa kuongeza apendavyo, jedwali la vijiji litakuwa na Katoro tatu, na urudiaji utakuwa umerudi kupitia mlango wa nyuma. Orodha za kuchagua zinahitaji mtu mwenye dhamana nazo, anayeongeza ndani ya siku hiyohiyo na anayekagua. Kazi hiyo haimo katika kanuni za Codd, lakini bila yake kanuni hizo hazimsaidii mtu.

Ugomvi wa ufunguo

Wanaokubaliana juu ya kugawa majedwali bado hutofautiana juu ya kinachomtambulisha mgonjwa. Upande mmoja hutaka kitambulisho kilichopo tayari duniani, kama namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania (NIDA) au ya simu. Hoja yao ni nzuri: namba hiyo ina maana nje ya hifadhidata, na mtu yuleyule akija tena atagundulika. Lakini namba ya NIDA ina tarakimu 20, zinazoanza na tarehe ya kuzaliwa; ni rahisi kukosewa, wapo wasiokuwa nayo, na mtoto aliyeletwa kliniki leo hana. Simu hutumiwa na familia nzima, hubadilishwa, na hatimaye hupewa mtu mwingine. Ufunguo ukikosewa au ukibadilika, lazima ubadilishwe kila ulikorejelewa, jambo ambalo ni urudiaji uleule.

Upande wa pili hutoa namba isiyo na maana yoyote, inayozalishwa na hifadhidata na isiyobadilika kamwe. Hii ni salama zaidi, na vitambulisho vyote vya nje huwekwa katika jedwali lake, kila kimoja na aina yake, ili mtu awe navyo vitatu au asiwe na hata kimoja. Ila namba ya ndani haizuii chochote peke yake. Mtu mmoja akiandikishwa mara mbili atapewa namba mbili bila kipingamizi. Ndiyo maana namba ya ndani inapaswa kuambatana na sharti la upekee kwenye vitambulisho vya nje: NIDA moja isimilikiwe na wagonjwa wawili. Wengi huchukua nusu ya kwanza ya ushauri huu na kuiacha ya pili.

Msimamo wa tatu: kurudia kwa makusudi

Wapo wanaosema kwamba urudiaji mwingine ni wa lazima, na wana haki, ingawa mara nyingi huchanganya mambo mawili.

La kwanza ni lile linaloonekana kama urudiaji lakini silo. Tarehe 1 Aprili 2020 Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikairudisha 16. Duka lililokuwa limehifadhi kiwango mahali pamoja tu, na kila ankara ikikirejelea, lingechapisha upya ankara ya Februari 2020 ikiwa na asilimia 14, kiwango ambacho hakikutozwa siku hiyo. Kodi iliyotozwa ni jambo la ankara. Kiwango cha sasa ni jambo la sheria. Kuwa na tarakimu zilezile kwa muda hakuyafanyi kuwa jambo moja, na hali ni hiyohiyo kwa bei ya bidhaa siku ya mauzo. Mfano wa Geita pia unarudi hapa: ripoti ya mwaka 2011 inahitaji Mwanza, kwa hiyo uhusiano wa wilaya na mkoa unapaswa kuandikwa ukiwa na tarehe za kuanza na kuisha.

Kuna swali linalotenganisha hali hizi kwa uhakika: jambo likibadilika kwenye chanzo, je, hii nayo inapaswa kubadilika? Jibu likiwa ndiyo, ni nakala, na mahali pake ni kwenye chanzo. Jibu likiwa hapana, ni jambo linalojitegemea, na kulifuta kwa jina la kuondoa urudiaji ni kuharibu historia.

La pili ni nakala za kweli zinazowekwa kwa ajili ya kasi. Salio la mwanachama wa chama cha akiba na mikopo (SACCOS) laweza kukokotolewa kwa kujumlisha amana na kutoa fedha zilizochukuliwa tangu alipojiunga, lakini mifumo mingi hulihifadhi. Hilo linakubalika kwa masharti: salio na ingizo la fedha vibadilishwe ndani ya muamala mmoja, vyote vifaulu au vyote vishindwe, na kuwe na ukaguzi wa mara kwa mara unaokokotoa upya na kulinganisha. Bila ukaguzi huo chama kina ukweli wa aina mbili juu ya fedha za watu, na siku aina hizo zitakapotofautiana hakuna atakayejua ipi ya kuaminiwa.

Ralph Kimball, ambaye kitabu chake cha mwaka 1996 kiliweka msingi wa maghala mengi ya data, alitetea majedwali mapana kwa ajili ya ripoti: jedwali moja la matukio katikati, na pembeni majedwali ya maelezo ambayo jina la mkoa hurudiwa kwa kila kijiji. Katika ghala hilo hakuna mtu anayechapa. Data huletwa na programu kutoka kwenye chanzo kilichogawanywa vizuri, na zikiharibika huletwa upya. Kosa hutokea ushauri huu unapochukuliwa na kupelekwa kwenye dawati la mapokezi, ambako nakala hutengenezwa na vidole vya watu na hakuna chanzo cha kuzirejesha.

Msimamo wa nne: kulifanya swali lenyewe kuwa data

Kisa cha OpenMRS kinaonyesha njia nyingine, na kina mizizi Kenya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa Microsoft Access, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Huduma za VVU zilipopanuka, mahitaji yaliuzidi uwezo huo, na mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin walianza kusanifu mfumo mpya uliokuja kuwa OpenMRS.

Tatizo lao lilikuwa kwamba fomu za kliniki zina mamia ya maswali, na maswali hubadilika. Kila swali likipewa safu, jedwali litabadilishwa kila mara na visanduku vyake vingi vitakuwa vitupu. Waliamua swali lenyewe liwe data. Kuna kamusi ya dhana, ambamo "uzito" ni mstari mmoja. Kuna jedwali la vipimo na majibu, ambamo kila mstari unasema mtu fulani, dhana fulani, wakati fulani, thamani fulani. Swali jipya huongezwa kwenye kamusi bila kugusa umbo la jedwali lolote. Hata hivyo, majina, vitambulisho, anwani na mahudhurio viliachwa katika majedwali yaliyogawanywa kwa njia ya kawaida. Uamuzi huo wa kuchanganya ni wa busara sana: kisichobadilika umbo kimepewa umbo thabiti, na wepesi umewekwa pale tu mabadiliko yalipo.

Bei yake si ndogo. Hifadhidata haiwezi tena kulazimisha kwamba kila hudhurio la mjamzito liwe na kipimo cha shinikizo la damu. Ulinzi huo umehamia kwenye fomu na programu. Ripoti hudai kugeuza mistari kuwa safu, kazi inayochosha. Na urudiaji umehama kiti: mtu mmoja akiongeza "Uzito" na mwingine "Uzito wa mwili", uzito wa wagonjwa utahifadhiwa chini ya majina mawili na mchoro wa ukuaji wa mtoto utakuwa na mapengo. Vituo vingi hukwepa hatari hiyo kwa kutumia kamusi ya pamoja ya CIEL, iliyoandaliwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, badala ya kutunga yao.

Hifadhidata za nyaraka kama MongoDB, iliyotolewa mwaka 2009, huweka mgonjwa na yote yake ndani ya waraka mmoja. Usomaji wa waraka mmoja ni mwepesi. Lakini jina la mhudumu likishanakiliwa ndani ya nyaraka elfu moja, tatizo la Katoro limerudi likiwa na vazi jipya.

Kupima uzito

Misimamo hii minne haishindani katika uwanja mmoja. Jedwali pana linafaa pale kila kitu hutokea mara moja tu. Mahali popote watu wanapochapa na vitu vinaporudi, majedwali yaliyogawanywa hadi umbo la tatu ndiyo yanayostahili kuwa msingi, na anayetaka kuuacha msingi huo ndiye mwenye wajibu wa kutoa sababu. Nakala kwa ajili ya kasi au ripoti zijengwe juu yake, zitengenezwe na mashine, na ziweze kufutwa na kuzalishwa upya. Kamusi ya dhana itumike pale maswali yanapobadilika mara kwa mara, na iwe na mlinzi.

Kuna mahali pamoja ambapo mpangilio huo haufiki: kuamua kama Asha Juma aliyekuja leo ndiye Aisha Juma wa mwaka jana. Hakuna umbo la kawaida linalojibu hilo. Hujibiwa mapokezi, kwa mfumo unaomlazimu karani kutafuta kabla ya kuandikisha, unaotafuta kwa matamshi yanayokaribiana na si kwa herufi tu, na unaoonyesha kijiji na mwaka wa kuzaliwa ili achague. Hata hivyo baadhi ya watu wataandikishwa mara mbili, na hapo ugawaji hulipa tena. OpenMRS ina kazi ya kuunganisha wagonjwa wawili: mahudhurio na vipimo vya rekodi moja huhamishiwa kwenye nyingine, na rekodi iliyoachwa huwekwa alama kuwa batili bila kufutwa, hivyo kilichofanyika kinaweza kufuatiliwa. Katika jedwali pana kazi hiyohiyo ingedai mtu apitie mstari mmoja mmoja, aamue kila Asha ni yupi, na asiache popote alama ya alichoamua.